Sauti Nne za Bibi Felista

Jana nimejiondoa kwenye kundi la simu la watu niliosoma nao Mafiga, na sikuaga. Najua wataniuliza tukikutana sokoni, na najua nitaisingizia simu, maana nina wajukuu sasa na sipendi kugombana na watu hadharani. Lakini hapa nitasema. Nimekasirika, na hasira yenyewe si ya jana.

Aliyeichokoza ni Hamisi. Tulikaa dawati moja miaka minne, akaja kuwa dereva wa malori, na tangu astaafu kazi yake ni kubishana. Wiki iliyopita alipata mahali kipande cha muziki wa zile filamu za serikali tulizoonyeshwa utotoni, enzi za vijiji vya ujamaa, akakituma kwenye kundi. Muziki wa filamu zile ulitungwa na mtu wa hapahapa kwetu, Mwalimu Kasiani, aliyejifunza kinanda misheni na baadaye akapiga tarumbeta kwenye bendi mjini. Basi watu wazima, wenye kisukari na magoti mabovu, wakashinda siku tatu wakibishana ni filamu ipi Kasiani aliitendea haki zaidi. Wengine walisema ile ya kisima. Wengine ile ya mzee anayejifunza kuandika jina lake. Mmoja akasema muziki wa filamu hauna thamani ukiutoa kwenye filamu, ni mchuzi bila ugali. Hamisi akajibu kwa sauti yake mwenyewe, amerekodi huku anatafuna kitu: "Nyie hamjui muziki. Sikilizeni ile ya Bi Siendi. Sauti nne tu, na ukumbi mzima unajua nani anaingia kabla hajaonekana. Huo ndio utunzi. Kasiani alizitoa hewani zile."

Hakuzitoa hewani. Alizitoa kinywani mwangu.

Mama yangu alizaliwa juu, kwenye miteremko ya Uluguru, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu Mafiga ukiwa na mguu mwepesi. Bibi Felista, mama yake, aliishi huko na dada zake na watoto wa dada zake, kila nyumba kwenye kishamba chake, na kati ya nyumba moja na nyingine kuna bonde. Unamwona jirani anapalilia njegere ng'ambo, unaweza hata kuhesabu kuku wake, lakini kumfikia ni kushuka hadi kijitoni na kupanda tena, na jua litakuwa limehama. Jina la mtu halifiki ng'ambo, linavunjikavunjika njiani. Kwa hiyo upande ule kila mtu alikuwa na mwito wake: sauti chache zisizo na maneno, alizopewa na bibi au mama mkubwa siku alipoanza kwenda shamba peke yake. Mtu akikuhitaji anauita mwito wako, nawe unaitikia kwa kuurudia, ili ajue uko wapi na kwamba u mzima. Wangu ulikuwa wa sauti mbili, kwa sababu nilikuwa mtoto. Wa bibi ulikuwa na nne: mbili za kupanda, moja ya kukaa, na ya mwisho ya kushuka taratibu, ndefu.

Ukungu ukishuka, na huko unashuka bila hodi, miito ndiyo ilikuwa macho ya watu. Naikumbuka harufu ya ukungu ule, majani yaliyooza na moshi wa kuni mbichi, nami nimesimama sioni hata vidole vyangu vya miguu, nimeshika mfuko wa figiri, naita sauti nne. Halafu kimya. Halafu kutoka chini, upande wa kushoto, zilezile nne, nzito kidogo, na moyo unatulia. Bibi alikuwa na sharti moja tu. "Usiniite kama hunihitaji," alisema. "Ukiniita nitaacha jembe. Sasa ole wako niache jembe bure."

Kila Jumamosi aliteremka mjini na tenga la mboga kichwani. Alipofika kwenye kona ya mwisho ya njia, pale mlima unapoanza kuwa mtaa, aliita mwito wangu, nami nikiwa uani naosha vyombo niliacha kila kitu nikampokee. Watoto wa mtaani waliona ni mambo ya kishamba. Mimi niliringa.

Wakati huo tulikuwa wapenzi wakubwa wa filamu, ingawa wengi wetu hatukuwahi kuona hata moja ya kulipia. Zetu zilikuwa zile za bure za serikali, zilizoonyeshwa Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa mtaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho linatiririka, projekta inanguruma kuliko watu wanaosema. Maneno hayakusikika vizuri, basi tukaushika muziki. Mimi na Hamisi tulibishana njia nzima ya shule. Hamisi alishikilia kwamba filamu moja inatoshwa na sauti moja, ya mwanzo na mwisho, mengine ni kelele. Mimi nilishikilia kwamba kila mtu kwenye filamu lazima awe na yake, la sivyo atajulikanaje? Hoja yangu ilitoka mlimani, sikuisoma popote. Kwenye ile filamu ya kisima, ndoo ilikuwa na sauti yake, na kila ilipovutwa juu na maji sauti ilipanda nayo.

"Ona," nilimwambia Hamisi, "hata ndoo ina mwito."

"Ndoo inaitwa na nani?" akauliza.

Nikamwita mjinga. Ndivyo tulivyokuwa tukimaliza mabishano yetu, na naona hatujakua sana.

Kwa hiyo siku Mwalimu Kasiani alipopanda mlimani kwa miguu yake mwenyewe, nami nipo huko likizo, nilidhani Mungu amenisikia. Alikuja na mpiga picha mmoja, mashine ya kurekodi ikimning'inia yeye mwenyewe begani. Walikuwa wanatengeneza filamu kuhusu shamba la pamoja lililofunguliwa bondeni. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini, anayemwamkia kila mzee anayemkuta. Bibi alikuwa amekaa nje na mdogo wake, Bibi Rosina, wanamenya maharage.

"Shikamoo mama," Kasiani alimwambia. "Nimeambiwa huku mna miito. Naomba unisikilizishe wako."

"Marahaba, baba," bibi alisema, mikono haijasimama. "Mwito si wimbo. Mimi nikiuita wangu nitakuwa najiita mwenyewe, watu watasema nimechanganyikiwa."

"Basi mwenzako akuite."

"Aniite ili iweje? Nipo hapa."

Bibi Rosina akacheka. Kasiani naye akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Alinikuta kijitoni nachota maji. Akakaa juu ya jiwe, akanivalisha vile vya masikioni, akabonyeza mashine. Nikasikia kijito kilekile lakini kikubwa, kinapita ndani ya kichwa changu. Aliniuliza nasoma wapi, nikamwambia Mafiga. Nikamwambia nimeziona filamu zake zote mbili, na ya kisima ndiyo bora, na sababu ni ndoo. Alinisikiliza kweli, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo.

"Una sikio wewe," alisema. "Na bibi yako, akiwa mbali, mnamwitaje?"

Nilijua sharti. Niliangalia juu kuhakikisha hayuko karibu, nikazitia sauti nne kwenye ile mashine, chinichini, ili asiache jembe. Kisha nikamwomba Kasiani aniahidi kwamba ataziweka kwenye filamu. Akaahidi, na akatimiza.

Ilipita miezi kadhaa ndipo tangazo la filamu ile likabandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Nilimganda bibi kila alipoteremka. Hakuwa mtu wa sinema, alisema macho yake yamezoea vitu vinavyokaa mahali pamoja. Lakini nilimwambia kuna kitu chake humo, na Jumamosi yenyewe alipomaliza kuuza akaliacha tenga kwa mama, akajifunga khanga safi, akaja. Nilimkalisha benchi la mbele. Nikamtangazia kila mtu. "Leo mtasikia mwito wa bibi yangu," nilimwambia Hamisi, nikamwambia na aliyekaa nyuma yake, nikamwambia na mwenye ufunguo wa ukumbi. Ikiwa kuna wa kulaumiwa kwa mtaa mzima kuujua mwito ule ni wa nani, hapo asitafutwe Kasiani.

Taa zikazimwa. Tukaona shamba, tukaona trekta, tukaona wanaume wanaimba. Kisha picha ikahamia kwenye kibanda mlimani, mlango umefungwa, na saksafoni ikapiga sauti nne. Mbili za kupanda, moja ya kukaa, moja ya kushuka.

Bibi akaitika. Hakufikiri. Mtu aliyeitwa kwa mwito mmoja maisha yake yote hafikiri. Alisimama palepale benchi la mbele, kivuli chake kikaingia kwenye picha, akaurudia mwito wake kwa sauti ya shambani, ile ya kuvuka bonde. Na mara hiyo, kwenye filamu, tarumbeta likajibu, pwaa-pwaa, na mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka mwanamke ameshika kiuno, khanga imemlegea, anapiga mwayo. Mwenyekiti wa kijiji kwenye filamu akamwambia twende shambani. Mwanamke akasema, "Siendi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nami nilicheka. Hili huwa silisemi. Nilidhani wanafurahi kwamba bibi ameitika, na kwamba lile tarumbeta ni mtu anayemjibu kwa heshima kutoka ng'ambo. Kila Bi Siendi alipotokea sauti nne zilipigwa, tarumbeta likajibu, na kila mara watu waligeuka kumtazama bibi waone kama ataitika tena. Nilikuja kushtuka filamu ikiwa katikati, nilipoiona mikono yake. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, amebana, na mabega yanaruka. Mwili wake ulikuwa bado unataka kuitika.

Alikaa mpaka taa zikawashwa. Nje aliniuliza, "Nani alimpa?"

"Mimi."

"Alikuambia anautakia nini?"

"Hapana, bibi."

"Na wewe hukuuliza." Akalifuata tenga lake, akapanda mlima. Hakunichapa. Laiti angenichapa.

Jumamosi iliyofuata aliteremka kama kawaida. Alipofika kwenye kona, kabla hajafungua kinywa kuniita, watoto waliokaa juu ya ukuta wakampigia sauti nne, na wengine wakamalizia kwa pwaa-pwaa. Hamisi alikuwamo. Mwanamke aliyeamka gizani akachuma mboga, akazifunga mafungu, akabeba tenga saa tatu nzima, anaitwa mvivu na watoto ambao hawajanawa uso. Sokoni wakaanza kumtania. Kule juu, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akimwamkia kila siku, naye akawa anamwita hivyohivyo akipita kukumbusha watu zamu za shamba la pamoja. Bibi hakuwahi kukosa zamu. Naomba hilo lieleweke, maana kwenye lile kundi kuna aliyeandika kwamba Bi Siendi alikuwa mtu wa kweli, mzee fulani mkaidi wa Uluguru. Baada ya mwezi mmoja bibi aliacha kuteremka. Mboga zake akawa anaziuza Bibi Rosina.

Kasiani alikuja shuleni kwetu kufundisha kwaya, nami nikamngoja mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Kwa nini mwito wa bibi ulimpa Bi Siendi?"

Alinikumbuka mara moja, uso ukamchangamka. "Marahaba, mwenye sikio. Ulisikia nilivyouweka?"

"Bibi yangu si mvivu."

"Nani kasema? Ile ni filamu, mwanangu. Sauti zile ni nzuri, zinashika. Ulitaka nimpe nani, trekta?"

"Ungempa mtu mwema."

"Watu wema hawakumbukwi," alisema, bila ubaya wowote, huku anafunga daftari lake. "Sasa bibi yako anajulikana hadi Dodoma. Mwambie anishukuru."

Nilikuwa na miaka kumi. Jibu ninalo sasa, na yeye amekwisha kufa. Ningemwambia kwamba sauti zile zilikuwa na kazi kabla hajaja na mashine yake. Wale wanaobishana kama muziki wa filamu una thamani nje ya filamu wangekaa kimya kidogo, ningewaambia thamani yake. Ulikuwa unamtoa mtu kwenye ukungu. Kasiani aliuchukua akaufanya wa kuchekesha, na tangu siku ile haukuweza tena ile kazi yake ya kwanza.

Nililijua hilo likizo iliyofuata. Nilikuwa napanda peke yangu, ukungu ukanikuta pale njia inapogawanyika kwenye mawe yaliyoporomoka, na mojawapo ya njia zile haifiki kokote, inaishia hewani. Niliita sauti nne. Safari hii nilimhitaji kweli. Niliita mara mbili, niliita mara kumi, mpaka koo likakauka, nikakaa chini na kulia. Kumbe bibi alikuwa shambani kwake, chini yangu kidogo tu, anasikia kila kitu, anaendelea kupalilia. Alidhani ni watoto wa mjini wamepanda kumfanyia stihizai. Bibi Rosina ndiye aliyeitambua sauti yangu, akaja akanishika mkono, akaniteremsha. Tulimkuta bibi anakwangua udongo kwenye jembe.

"Nilikuita," nilimwambia.

"Nilisikia anaitwa Bi Siendi," akasema. Kisha akaona goti langu linatoka damu, akainama kulisafisha kwa upindo wa khanga yake. "Huo si wangu tena, mjukuu wangu. Nimewaachia."

Huko mtu hawezi kukaa bila mwito. Bibi Rosina, mdogo wake, alimpa mwingine, vile wanavyopewa watoto. Mwanamke mwenye mvi akaanza upya. Nilijua upo kwa sababu siku moja, nikiwa ndani, binamu yangu alianza kuita huko nje, ikatoka sauti moja, akakumbuka nipo, akajikata. Tangu hapo nikaona wanavyofanya. Nikiwapo, hakuna aliyemwita bibi. Walishuka hadi kijitoni na kupanda ng'ambo kumwambia tu kwamba chakula kimeiva. Watoto wadogo kuliko mimi walitumwa, wanarudi wanahema, na hakuna aliyenilaumu kwa neno lolote. Bibi mwenyewe alinipenda kama zamani. Alinisuka nywele, alinibakizia ukoko. Ila mwito wake hakunipa, nami sikuthubutu kuomba. Nikaolewa, nikazaa, nikampelekea vitukuu awabebe, na bado nilipotaka kumwona nilimfuata kwa miguu.

Kwa hiyo jana Hamisi alipoandika jina langu mbele ya wote, "Wewe ulikuwa na bibi kule juu, hebu waambie hawa thamani ya sauti zile," niliiweka simu mezani. Sijui kama amesahau ule ukuta aliokalia au anajifanya. Kabla sijajibu, mwingine akatuma sauti yake, sauti nne, na watu wenye miaka sitini na kitu wakapokezana, pwaa-pwaa, pwaa-pwaa, na vicheko. Hapo ndipo nilipojitoa.

Bibi Felista tulimzika hukohuko mlimani, asubuhi, ukungu umefunga. Upande ule, kabla udongo haujamwagwa, ndugu wa karibu husimama ukingoni mwa shamba la marehemu na kumwita kwa mwito wake mara tatu. Asipoitika ndipo azikwe. Bibi Rosina, naye amekwisha kuwa kikongwe, alishikwa mkono mpaka ukingoni. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akanitazama kwa muda, watu wote wanangoja. Nilidhani ataniambia nikae mbali, na ningekwenda. Yeye akageukia bondeni, akaita.

Nilikuwa na miaka arobaini, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuusikia. Aliita mara tatu na hakuna aliyeitika. Una sauti tano. Nazijua zote, na sijawahi kuziimba hata nikiwa peke yangu jikoni, asije akaacha jembe bure.